Mama Yako Hakupoteza Risiti

Mabira, Alhamisi, saa tisa alasiri

Mwanangu Kemirembe,

Umeondoka asubuhi na pikapu ya mnadani kwenda Kituntu kumuaga bibi yako, mzaa mama yako, na kabla giza halijaingia utakuwa umerudi. Nina saa chache tu. Habari za neti, za sufuria, za watu wa kuwaamini na wa kuwakwepa huko Mwanza, shangazi zako wamekujaza nazo masikio tangu Jumapili, sina la kuongeza. Nina jambo moja, na nikilizungukazunguka nitaishia kukuandikia mambo ya mvua na kahawa.

Mama yako hakupoteza risiti za mashine. Nilizificha mimi.

Soma tena kama hukuamini. Katika bahasha hii kubwa nimezitia zote, pamoja na lile daftari lake la jalada jekundu. Nyuma ya kila risiti utaona mwandiko wake: dizeli, mkanda, beringi, fundi wa Kayanga. Nimeziambatanisha kwa sababu katika jambo hili neno langu peke yake halitoshi, na wewe hasa usilipokee bila kuona.

Jumatatu unaanza kazi katika ofisi ya kodi. Juzi kwenye sherehe yako ulisimama mbele ya watu ukasema kwamba ukiwapo pale dirishani hakuna mzee atakayeonewa kama alivyoonewa baba yako. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nami nilipiga, mwanangu. Nilipiga makofi huku nikitamani ardhi ipasuke, maana uongo nilioutunga mimi ulikuwa umekua, umesoma, umevaa gauni la kitenge, na sasa unakwenda nao kazini. Siwezi kukuacha uende hivyo.

Ulikuwa mdogo tulipoinunua mashine ya kusaga, vita vya Amini vilipokwisha na watu wakaanza kurudia mashamba yao. Ilitokana na kahawa yetu ya misimu kadhaa na ng'ombe wawili wa mahari ya shangazi yako. Mimi nilishika injini, mama yako akashika karatasi. Hakuna aliyemfundisha. Alichukua spoki ya baiskeli akaikunja, akaigongomelea ukutani, na kila risiti iliyoingia nyumbani aliichoma pale. Mwezi ukiisha alizishusha, akazifunga kwa kamba ya mgomba, akazitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Tukinunua dizeli kwa mtu wa madumu asiye na risiti, mama yako alimpelekea daftari aweke sahihi, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mke wangu anafuga karatasi kama wenzake wanavyofuga kuku.

Kisha ikaja fomu ya kodi ya mapato. Chini yake imeandikwa wazi kwamba mwenye biashara aambatanishe risiti na vielelezo vya matumizi yake yote. Mama yako alinisomea, nikasoma na mwenyewe. Nisijifanye hapa kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana, ila niliona ni dharau.

Nawe unajua mambo yalivyokuwa kwetu, ingawa pengine umeyasahau. Hukupata sukari ya duka la kijiji bila barua ya balozi. Hukuhamisha mtoto shule bila barua ya balozi. Ukitaka kusafiri na mbuzi wako mwenyewe, barua. Heshima ya mtu ilikuwa katika wale waliokubali kumwandikia, na ukiwa na barua yenye muhuri hakuna aliyekuuliza jambo la pili. Basi mimi nikakusanya barua tatu. Ya balozi wetu wa nyumba kumi, ya mwenyekiti wa kijiji, na ya mwinjilisti, iliyosema kwamba mimi ni mzee wa kanisa, mtu wa ndoa moja, asiyelewa. Hizo ndizo nilizozibana kwenye fomu. Nilijiona nimewazidi akili watu wa mjini. Nani angechungulia vikaratasi vya dizeli akiwa na muhuri wa kanisa mbele yake?

Mama yako alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua hata kichwa.

"Waitu, baba Kemi, barua za watu zitamwambia wewe ni nani," akasema. "Yeye anauliza umetumia nini."

"Unataka nikafukunyue kopo la jikoni mbele ya watoto wa watu?"

"Nataka ulichukue tu. Si lazima ulifungue. Akiuliza, unalo."

Nikamwambia amenye ndizi.

Nilikwenda Bukoba, ofisi ya kodi, na balozi Karoli, kwa nauli yangu, awe shahidi wangu wa kusimama. Tulilala kwa jamaa yake, asubuhi tukakaa kwenye benchi na watu wengine hadi tukaitwa. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu tangu utoto umekuwa ukisikia kwamba yule kijana wa dirishani ana kiburi, kwamba ni mla rushwa, kwamba alitupa barua za baba yako chini. Hayo nilikuwa nikiyasema kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kila mwaka niliongeza kidogo. Ukweli ni huu. Alisimama aliponiona. Alinipa shikamoo kabla sijaketi. Alizisoma barua zote tatu mpaka mwisho, akaziweka sawa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Barua nzuri, mzee. Inaonekana kwenu unaheshimika sana. Sasa naomba zile risiti."

"Nilicholeta ndicho hicho."

"Bila risiti sitaweza kutoa matumizi yako, mzee wangu. Itabidi nihesabu kana kwamba mashine yako inasaga bila kunywa dizeli."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Sijamjua ni nani mpaka leo. Pengine hata hakunicheka mimi. Lakini Karoli alikuwa kando yangu, amevaa koti lake la mikutano, naye akanigeukia kusikia nitajibu nini. Ningeweza kusema, nimeziacha nyumbani. Ndiyo ilikuwa kweli, na haina aibu yoyote. Lakini angeuliza kwa nini umeziacha na fomu imekuambia uzilete, na mimi nisingekuwa na jibu.

"Mke wangu amezipoteza," nikasema.

Maneno matatu. Sikuyapanga, yalitoka kama mtu anavyopiga chafya. Kijana akanipa pole. Akaandika kitu kwenye faili, akaniambia: "Nakupa siku thelathini, mzee. Mwambie mama atafute taratibu. Hata akipata nusu, niletee hiyo nusu, tutaanzia hapo." Hakuomba kitu, Kemirembe. Hata soda.

Njia nzima ya kurudi Karoli alikuwa akitikisa kichwa akisema, "Wanawake, jamani, wanawake." Tuliposhuka hapa sokoni alimwambia wa kwanza aliyetuuliza habari za safari. Jioni ile Mabira yote ilikuwa inajua kwamba mke wangu amepoteza risiti, isipokuwa mwenyewe.

Nilimkuta ameshalitoa kopo kabatini. Alikuwa ameliweka mezani na kulifuta.

"Wamezitaka, siyo?" akaniuliza, na wala hakunikejeli. "Zipo zote. Nenda nazo Jumatatu."

Hapo ndipo ningeweza kujinasua. Siku thelathini, na kopo liko mezani. Lakini kwenda nazo ilikuwa kumwambia yule kijana kwamba nilimdanganya, na Karoli angejua, na soko lingejua, na kanisani pia. Nikajiambia nitapata njia nyingine. Asubuhi mama yako alikwenda kuvuna maharage. Nikapanda ghalani na kopo, nikalisukuma kati ya bati na mianzi, juu ya magunia ya kahawa, nikashuka, nikaenda kuwasha injini.

Alitafuta wiki tatu. Alipekua magunia, alipekua vyungu, alikwenda hadi kwa majirani kuuliza kama mtoto amechezea kopo. Wewe ulimsaidia. Uliingia uvunguni ukatoka na utando wa buibui kichwani, unacheka, kwako ulikuwa mchezo. Yeye alikuwa amekonda. Jioni moja akanishika mkono, akasema, "Baba Kemi, hukuziona kweli? Niliziweka pale mezani kwa mikono yangu." Nikamjibu, "Mtunzaji ni wewe." Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka nilivyoweza kulisema lile neno nikiwa namtazama. Sikumbuki, nakumbuka tu kwamba nilikula chakula chote usiku ule.

Siku thelathini zikapita. Ikaja barua ya makadirio. Yule kijana alifanya alichosema atafanya, hakuzidisha. Sikuweza kulipa, wakaja watu wa Kanoni na lori wakainunua mashine na kuipakia, nawe ukalifuata lori mpaka barabara kubwa. Ada yako ya sekondari ilikuwa itoke mle. Ndiyo sababu ulikaa nyumbani miaka miwili, unachuma kahawa za watu, wenzako wakiwa darasani. Uliniambia siku moja kwamba kwa miaka ile hujaisamehe serikali. Serikali haikuhusika.

Sijamaliza. Lililo baya zaidi ni hili, na sijui kama uliwahi kuambiwa. Mama yako alikuwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama cha kanisa. Habari zilipoenea, wakaona haifai ufunguo wa kasha la kikundi ukae kwa mtu anayepoteza karatasi. Waliitisha kikao, na kwa utaratibu wetu lazima mzee wa kanisa asimamie. Aliyesimamia ni mimi. Nilifungua kwa sala. Mwenyekiti wao akasema, "Si kwamba tunakutuhumu, mama, ila mambo ya watu yanataka uangalifu." Mama yako akafungua pindo la kitenge, akatoa ufunguo, akauweka mezani mbele yangu mimi, siyo mbele ya mwenyekiti. Nikaupokea. Nikafunga kwa sala. Tulirudi nyumbani tukipita kwenye migomba, yeye mbele, mimi nyuma.

Tangu hapo hakuandika tena kitu. Ile spoki aliing'oa ukutani.

Na wewe, mwanangu, uliwahi kumwambia, ukiwa na miaka kumi na minne, umerudi na mikono myeusi ya kuchuma kahawa: "Mama, kama ungetunza vile vikaratasi ningekuwa kidato cha pili." Nilikuwa hapo hapo mlangoni, nanoa panga. Nilikusikia. Yeye akakujibu, "Nisamehe mwanangu." Nikaendelea kunoa. Sikutajii hili ili uumie. Hukujua. Mimi nilijua, na panga lilikuwa limeshakuwa kali zamani.

Mnaniita mtu wa maneno machache, mzee mwenye busara. Huo ukimya wangu mnaousifu ndio huo.

Nimejiuliza ni nini cha kukupa kuhusu kazi yako, mimi ambaye nafasi moja niliyoipata mbele ya dirisha kama lako niliiharibu. Umeniambia kwamba huko kunaingia kompyuta, na siku moja mtu atapeleka hesabu zake pamoja na vielelezo bila kupanda basi, bila kukaa kwenye benchi. Nakubali, dunia inakwenda. Lakini hata siku hiyo atakuwapo mtu aliyejaza fomu vizuri na kuacha risiti zake darini kwa sababu ya kitu kisicho na uhusiano na kodi. Mashine haitamjua. Wewe labda utamjua. Akija mzee wa aina yangu akakuambia mke wake amezipoteza, usimwulize zaidi mbele ya watu. Mpeleke pembeni. Mwambie, "Mzee, pengine umezisahau tu nyumbani, zilete kesho, sitaandika kitu leo." Simlaumu yule kijana, alinitendea mema kuliko nilivyostahili. Nasema tu kwamba kama benchi lile lingekuwa tupu, pengine ningesema kweli. Na pengine nisingesema. Nimejifunza kutojitetea sana.

Na wewe mwenyewe, ukikosea, rudi siku hiyo hiyo. Mimi nilidhani uongo ukikaa unazeeka na kufa. Wangu ulinizidi nguvu kila mwaka, mpaka nikawa naulisha mwenyewe kwa mikono yangu, kwa kumtukana mtoto wa watu aliyenipa shikamoo.

Nilimwambia mama yako mwaka juzi, wodini, siku nne kabla hajafariki. Wewe ulikuwa umekwenda kumletea uji. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, nimepanga maneno, na nilipofungua kinywa yote yakanipotea, nikasema tu, "Zile risiti niliziweka mimi ghalani, juu, kwenye bati."

Alikuwa amefumba macho. Nilidhani hakusikia.

"Najua," akasema. "Nilizikuta msimu ule ule wa kahawa. Bati linavuja pale. Nikazihamishia kwenye kasha la nguo zenu za ubatizo."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia nimgeuze upande wa dirisha, mgongo unamuuma. Nikamgeuza. Basi, ndiyo jibu nililopewa, na sitapata jingine. Msimu ule ule, Kemirembe. Ina maana siku ya kikao cha ufunguo alikuwa anajua. Siku ile uliyomlaumu alikuwa anajua. Alikuwa na vielelezo vyote vya kunimaliza, vimefungwa vizuri, havijalowa, hatua kumi kutoka kitandani kwetu, na hakuvitoa. Wako watu watakuambia huo ni upendo. Mimi niliyekuwa naye sina hakika. Nafikiri aliniangalia tu kuona nitafika wapi. Nikafika mpaka wodini.

Nilipotoka mazikoni nilifungua lile kasha. Zilikuwa chini ya kigauni chako cheupe.

Jumamosi nitakwenda Kituntu. Bibi yako ana haki ya kujua kwamba hakuzaa mtu mzembe, na nataka asikie kwangu akiwa bado anasikia. Jumapili nitarudisha uzee wa kanisa baada ya ibada, na nitasema sababu kwa sauti, Karoli akiwapo, na wale akina mama wakiwapo. Wataniweka chini ya nidhamu ya kanisa, nami nimewaweka wengi kwa makosa madogo kuliko hili. Sikuombi msamaha. Mwenye kusamehe alikuwa yeye, na aligeukia dirishani.

Kitu cha mwisho. Nilikuwa nimekusudia kuitia bahasha hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa Mwanza, mbali nami. Hata begi nimeshalifungua. Nimelifunga tena. Ningekuwa nimejificha ghalani mara ya pili. Nitaiweka mezani karibu na taa, uisome leo leo, kabla ya basi la alfajiri. Nitakuwa nje, nyuma ya zizi, nakata majani ya ng'ombe. Njoo uniulize lolote, hata mbele ya shangazi zako, nitajibu. Na ukitoka asubuhi bila kunipa shikamoo, nitalibeba begi lako mpaka barabarani vivyo hivyo.

Baba yako